Joto la Injini na Springi za Nyuma: Mafunzo Kutoka Magari ya Mashindano

Nazungumza kutoka Unyambwa, katika nchi ya Singida. Hotuba yangu yahusu mambo mawili yaliyomo katika motokaa, ambayo msafiri hayaoni wala hayafikirii mpaka siku yatakapoharibika. La kwanza ni njia ya kuitolea injini joto lake. La pili ni vile vyuma vinavyobeba magurudumu ya nyuma. Nitayaeleza kwa mfano wa magari ya mashindano, kwa kuwa gari la mashindano huonyesha kwa siku nne mambo ambayo gari la kawaida huyaonyesha kwa miaka kumi.

Lakini kwanza niwaambie kisa kilichonisukuma. Mimi ni mwalimu wa chuo cha ualimu, walakini nalima kidogo kama majirani zangu. Sisi wakulima kumi na wanane wa alizeti tulichangishana fedha ili tununue gari moja, si jipya, la kupelekea mazao yetu sokoni na la kumchukua mgonjwa hospitali usiku. Magari mawili yakapatikana mjini kwa bei moja. La kwanza lilikuwa zuri la kutazamwa, laini la kupanda, na kila gurudumu la nyuma lilikuwa na springi yake peke yake. La pili lilikuwa pikapu kuukuu, na nyuma lilikuwa na springi za mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, kama za lori.

Kijana mmoja, niliyemfundisha zamani, akasimama chini ya mwembe akasema, "Mwalimu, magari yote ya mashindano ya siku hizi yana magurudumu yasiyofungamana. Kwa nini sisi tununue kitu cha kale?" Wazee hawakumjibu, wakanitazama mimi. Baadhi yao walikuwa wameuza mbuzi ili kupata fungu lao katika fedha ile. Sikuwa na jibu la papo hapo. Nikaomba siku saba, nikaanza kutafuta habari.

Mashindano yafaayo kutufundisha sisi ni yale yaitwayo Safari. Yalianza mwaka 1953, kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na njia yake ilipita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Miaka ya baadaye yakabaki Kenya tu. Hayakuwa mashindano ya kuzunguka uwanja laini kama yale ya Ulaya. Yalikuwa maelfu ya kilometa za udongo, mawe, mchanga na matope, na kwa miaka mingi yalifanywa wakati wa Pasaka, ambapo masika imekwisha kuanza. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, na yaliyofika mwisho ni 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakafika 7 tena.

Katika mashindano mawili ya kwanza, ya 1953 na 1954, gari lililotangulia lilikuwa Volkswagen, lile dogo lenye umbo la kobe. Likashinda tena mwaka 1957 na mwaka 1962. Nguvu zake zilikuwa haba sana: mwaka ule wa 1953 injini yake haikuzidi nguvu za farasi 25 hivi. Basi lilishindaje?

Hapa hapana budi tuseme habari za joto. Petroli iunguapo ndani ya injini, sehemu ndogo tu, kama robo au theluthi, ndiyo isukumayo gari. Iliyobaki ni joto tupu. Jingine hutoka kwa bomba la moshi, na jingine huingia katika chuma chenyewe. Joto hilo lisipoondolewa, oili huwa nyepesi kama maji, pistoni huvimba na kukwama, na injini hufa. Magari mengi huliondoa kwa maji. Maji hupita kando ya silinda, huchukua joto, huenda mbele katika rejeta, na huko upepo huyapoza kabla hayajarudi.

Njia hii ni njema, lakini ina udhaifu wake, na udhaifu huo waonekana zaidi katika nchi zetu za juu. Huku Singida tuko kama meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, na sufuria iliyo wazi huchemka kwa digrii 95 hivi, wala si 100 kama kule Tanga. Katika milima ya Molo, Kenya, ambako magari ya Safari yalipita, maji huchemka kwa digrii 92 hivi. Ndiyo sababu kifuniko cha rejeta kimetengenezwa kukaza sana. Mke wangu hufanya vilevile anapopika maharagwe: huweka jiwe juu ya kifuniko ili mvuke usitoke ovyo. Mvuke ukizuiliwa, maji hukubali kupata moto zaidi kabla ya kuchemka. Kifuniko kizuri cha rejeta chaweza kuongeza digrii 20 hivi. Kwa hiyo, enyi wanafunzi, msimruhusu mtu yeyote kufungua rejeta ya gari lililopata moto. Maji yale yaliyokuwa yametulia huruka yote mara moja, na nimeona uso wa mtu ulioharibika kwa jambo hilo.

Udhaifu wa pili ni nyasi. Kila mtu wa Unyambwa ajua jinsi mbegu za nyasi zinavyong'ang'ania suruali mwezi wa Mei. Rejeta ni kama kitambaa chenye matundu madogo sana, na mbegu hizo hulijaza kila tundu. Ongeza matope juu yake, nayo hukauka kama ukuta wa nyumba uliokandikwa. Upepo haupiti tena, na maji yakichemka safari imekwisha.

Sasa lile Volkswagen halikuwa na rejeta hata kidogo. Injini yake ilikaa nyuma, na silinda zake zilikuwa na mapezi ya chuma mengi membamba kama mapezi ya samaki. Feni iliyozungushwa kwa mkanda ilipuliza hewa juu ya mapezi hayo, na joto likaondoka na upepo. Hapakuwa na maji ya kuchemka, wala bomba la kupasuka, wala haja ya kutafuta kisima njiani. Jambo la kuogopwa lilikuwa kukatika kwa ule mkanda wa feni, na mkanda wa akiba hukaa katika mfuko wa koti. Tena uzito wa injini ulikuwa juu ya magurudumu ya nyuma, yale yanayosukuma, nayo yakashika vizuri katika matope, mahali ambapo magari makubwa yalizungusha magurudumu bure.

Nimesema uzito ulikuwa nyuma. Shikeni neno hilo, maana nitalirudia.

Tuje kwenye springi. Kwa kuwa katika redio siwezi kuchora ubaoni, nawaomba mliosimama mahali penye nafasi mnisaidie kwa miili yenu. Chukua mchi mrefu, uweke mabegani nyuma ya shingo, ushike ncha zake kwa mikono miwili. Huo ndio mhimili mzima wa nyuma, kama ulivyo mhimili wa mkokoteni wa ng'ombe: chuma kimoja kutoka gurudumu hata gurudumu, na katikati yake limo difu, yaani lile bufuru la chuma lenye meno ya kugeuzia nguvu za injini. Inua ncha moja ya mchi, kana kwamba gurudumu limepanda jiwe. Waona? Ncha ya pili imeshuka, na mwili wako wote umeyumba. Hiyo ndiyo hasara yake. Tena chuma chote kile, pamoja na difu, ni kizito. Kikisharushwa na jiwe hakirudi chini upesi, na gurudumu lililo hewani halisukumi kitu.

Sasa weka mchi chini, unyoshe mikono yako pembeni. Inua mkono mmoja tu. Wa pili haukusogea. Hayo ndiyo magurudumu yasiyofungamana. Difu limefungwa katika mwili wa gari, na gurudumu, kwa kuwa ni jepesi, hufuata kila shimo na kila jiwe. Msafiri hukaa raha, na tairi hushika ardhi. Kijana wangu hakusema uongo.

Lakini usishushe mikono bado; mpe mtoto akuwekee debe la maji katika kiganja kimoja. Waona ni wapi palipouma? Si kiganjani. Ni begani. Mkono ukibeba peke yake, pigo lote la jiwe huishia mahali mkono uliposhikamana na mwili. Mhimili mzima hugawa pigo hilo pande zote mbili, lakini mkono hauna mwenziwe wa kumsaidia.

Volkswagen lilikuwa na mikono ya namna hiyo, na badala ya springi za mabamba lilikuwa na vyuma virefu vya kusokotwa, vinavyojisokota gurudumu linapopanda na kujisokotoa linaposhuka. Kwa kuwa gari lilikuwa jepesi na nguvu zake kidogo, mikono hiyo ilivumilia.

Volkswagen lile lilibuniwa na Ferdinand Porsche, na kiwanda chenye jina la ukoo wake kikaendelea na mawazo yaleyale: injini nyuma, hewa badala ya maji, magurudumu yasiyofungamana. Gari lake liitwalo 911 lilikuwa na silinda sita zilizopozwa kwa feni kubwa na kwa oili nyingi. Lilikuwa na mbio za ajabu, nalo likashinda katika nchi nyingi. Kiwanda kilitamani sana ushindi wa Safari. Mwaka 1974 gari lao liliendeshwa na Björn Waldegård, mtu wa Sweden, dereva hodari asiye na mfano. Mvua ilinyesha sana mwaka ule. Gari lilitangulia. Maji hayakulisumbua, maana halikuwa nayo. Nyasi hazikuliziba, maana halikuwa na rejeta ya kuzibwa. Kisha mkono mmoja wa springi ya nyuma ukavunjika.

Fikirini maana yake. Injini iliyowekwa nyuma ili ipozwe kwa hewa ndiyo iliyoongeza mzigo juu ya mikono ya nyuma. Mwenye kubuni gari alifunga mlango wa mbele dhidi ya adui aitwaye joto, adui wa pili akaingia kwa mlango wa nyuma. Nimesoma maandishi mengi yanayozungumza habari za kupoza injini katika sura moja na habari za springi katika sura nyingine, kana kwamba ni mambo mawili yasiyojuana. Naona si kweli. Ukichagua mahali pa kuweka injini na namna ya kuipoza, umekwisha chagua pia mzigo wa magurudumu ya nyuma.

Aliyeshinda mwaka ule wa 1974 alikuwa Joginder Singh, Kalasinga wa Kenya, aliyewahi kuwa fundi wa magari. Gari lake lilikuwa Mitsubishi Lancer, dogo, lenye injini mbele, rejeta ya maji, na nyuma mhimili mzima juu ya springi za mabamba. Naam, mabamba yaleyale ya lori. Waldegård alikuwa wa pili. Joginder alikuwa amekwisha shinda mwaka 1965 kwa Volvo lililokwisha kutumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia, nalo pia lilikuwa na mhimili mzima. Akashinda tena mwaka 1976 kwa Lancer. Porsche wakarudi mwaka 1978 na magari mawili, wakapata nafasi ya pili na ya nne. Gari lile la 911 halikupata kamwe kuwa la kwanza katika Safari hizo.

Sisi Watanzania tuna sehemu yetu katika habari hizi. Mwaka 1966 na 1967 mshindi alikuwa Bert Shankland, mkazi wa nchi yetu, pamoja na Chris Rothwell, kwa Peugeot 404. Gari hilo lilishinda Safari mara nne, kuanzia 1963 mpaka 1968, na wasafiri wengi wa zamani walilijua kama teksi. Lilikuwa na mhimili mzima nyuma, lakini juu ya springi za kuzongwa badala ya mabamba, zenye ulaini zaidi. Feni yake nayo ilikuwa na akili: injini ikiwa baridi iliachiwa isizunguke bure, na injini ikipata moto ikashikwa tena.

Msidhani sasa kwamba nawafundisha kudharau magurudumu yasiyofungamana. La hasha. Mwaka 1970 gari la Datsun lenye mikono nyuma lilishinda, na Peugeot 504 lililowashinda akina Porsche mwaka 1978 lilikuwa na mikono vilevile, ila injini yake ilikaa mbele. Lakini Datsun haohao walipoleta gari liitwalo Violet, lenye mhimili mzima, Shekhar Mehta wa Kenya alishinda nalo miaka minne mfululizo, 1979 mpaka 1982. Wajapani hao walijua kutengeneza mikono. Walirudia mhimili kwa sababu waliona ndio uwafaao kwa kazi ile.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui, nami sikulijua mpaka nilipoanza kutafuta. Springi za nyuma nazo huhitaji kupozwa. Kando ya kila springi ipo shokamzoba, bomba lenye oili ndani yake, la kuizuia springi isirukeruke. Kila gurudumu linapopanda na kushuka, oili husukumwa katika tundu dogo, na kazi hiyo hugeuka kuwa joto. Katika barabara yenye mawimbi kama ubao wa kufulia, kwa saa nyingi, shokamzoba hupata moto hata huwezi kuigusa. Oili huwa nyepesi, na gari huanza kurukaruka kama mbuzi. Ndipo mkono au bamba huvunjika. Kwa hiyo dereva anapopunguza mwendo katika barabara ya namna hiyo, hafanyi hivyo kwa ajili ya migongo ya abiria tu.

Na magari ya leo? Safari ilirudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, kando ya ziwa Naivasha. Magari yanayoshindania ushindi yana magurudumu manne yasiyofungamana, na yote manne husukuma. Injini iko mbele, nayo hupozwa kwa maji. Mikono yake ni ya chuma bora kabisa, na shokamzoba zake hugharimu fedha nyingi kuliko pikapu letu zima. Na mafundi hubadili mikono na shokamzoba baada ya vipande vichache vya njia, ikiwa vimevunjika au la. Tena magari yale yamefungwa bomba refu la kuvutia hewa juu, karibu na paa, kwa sababu ya maji ya mito na vumbi jembamba kama unga lililoko Kedong. Hata Porsche wenyewe waliacha kupoza 911 kwa hewa. La mwisho la namna hiyo lilitengenezwa mwaka 1998.

Baada ya siku saba nikarudi chini ya mwembe. Nikamwuliza yule kijana swali moja tu: "Gari letu likivunjika mkono wa nyuma kule porini, na ndani yumo mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa, ni nani atakayeleta mkono mwingine?" Akafikiri. Akasema bamba likivunjika, mhunzi wa mjini aweza kulifua jingine, na gari lenyewe laweza kutambaa kwa mabamba yaliyosalia mpaka hospitali. Kisha tukaingia wote wawili chini ya magari yale tukayatazama. La kwanza, lile zuri, lilikuwa na mpira uliokwisha kulika pale begani mwa mkono wa kushoto. Mwenye gari hakuwa ametuambia.

Tukanunua pikapu. Lakini kiburi hakikosi malipo, na malipo yalikuwa yangu. Kwa kuwa nilikuwa nimehubiri sana habari za mbegu za nyasi, nilimwagiza dereva afunge mbele ya rejeta kipande cha chandarua, kile cha kuzuilia mbu, ili mbegu zisipite. Hakika hazikupita. Wala upepo haukupita. Katika safari ya kwanza yenye mzigo, katika kupanda mlima Sekenke, maji yalichemka, nasi tukakaa kando ya barabara saa nzima tukingoja chuma kipoe, na yule kijana, kwa adabu kubwa, asiseme neno lolote.

Tulikiondoa chandarua palepale. Sasa tumefunga waya wa chekecheke, ule wa kuchekechea mchanga wa kujengea, na kila jioni dereva huufungua akaukung'uta. Juma lililopita mbegu za nyasi alizozitoa zilijaa kibaba kizima.